Stakabadhi za Chakula cha Mgeni

Gamaliel Rwegasira aliondoka Buganguzi alfajiri akiwa amevaa koti lake la kanisani. Kifuani alikuwa na shilingi mia tano na arobaini zilizofungwa kwenye kitambaa, na moyoni furaha ya mtu anayekwenda kusifiwa. Alitembea hadi Muleba, akapanda basi, akakaa benchi la nyuma kabisa ambalo lilimtikisa mifupa yote hadi Bukoba. Saa nne na nusu alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mushumbusi, karani wa ofisi ndogo ya chuo kikuu iliyoshughulikia masomo ya watu wazima vijijini, akifungua kile kitambaa polepole ili fedha zisikose kuonekana.

"Zote ziko hapa," alisema. "Hazikupungua hata senti."

Mushumbusi hakutabasamu. Alikuwa mtu mfupi wa Kitendaguro, mwenye kalamu mbili mfukoni, na ukarani wa miaka mingi ulikuwa umemfundisha kwamba fedha zinazorudi ofisini zina kelele kuliko zinazopotea. Aliziangalia noti zile kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani akiwa na homa. Kisha akauliza hizo ni fedha gani.

Gamaliel akaeleza, na alieleza kwa raha, maana alikuwa amejizoeza maneno yale ndani ya basi. Mwezi wa tisa mwaka uliopita, Bwana Hallam, Mwingereza aliyesimamia masomo hayo, alimkabidhi yeye kama katibu wa darasa la Buganguzi bahasha ya fedha na kitabu chenye stakabadhi thelathini na sita. Kila Ijumaa mwalimu angetoka Bukoba, angelala Buganguzi siku mbili, angekula, na mama wa nyumba itakayompokea angelipwa shilingi kumi na tano na kutia sahihi. Mwalimu, kijana Omary, alikuja kweli kila Ijumaa. Alilala nyumbani kwa Gamaliel. Lakini Alistidia, mke wa Gamaliel, alikataa kupokea hata senti, kwa sababu mgeni halipishwi chakula.

"Wewe ni Mhaya, Mushumbusi," alimaliza. "Mambo haya unayajua."

Mushumbusi aliyajua, na hilo ndilo lililomchosha. Aliinuka akafunga mlango, maana kwenye benchi la nje kulikuwa na watu watatu na masikio yao. Aliporudi kitini alianza kusema kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama anayemsomea mtu hukumu yake.

"Mwalimu Rwegasira, kuna kamati huko chuoni. Wanakaa mezani mwezi ujao na orodha ya madarasa. Wewe hawakujui, na mama hawamjui. Wanaona namba tu. Darasa lililopewa mia tano na arobaini, likarudisha mia tano na arobaini, kwao ni darasa ambalo halikufanyika."

"Lilifanyika. Tuna wanafunzi thelathini na mmoja."

"Kwenye karatasi halikufanyika. Na ruzuku isiyotumika haitolewi tena. Wanasema hao hawana haja, wapewe wengine. Nimeona darasa likifa hivyo mwaka jana, kwa shilingi mia mbili tu zilizorudishwa."

Gamaliel alihisi koti limekuwa zito. Miezi tisa yote alikuwa ameziona fedha zile ndani ya sanduku, chini ya Biblia na vyeti vyake, na kila alipoziona alijisikia mtu mwema. Alikuwa amewaza namna Bwana Hallam atakavyowasimulia wakubwa wake kwamba huko Muleba kuna watu ambao hata fedha za halali hawazitaki. Sasa akajiona mzee mjinga aliyepanda basi kwa nauli yake mwenyewe ili aje kuua darasa lake.

Mushumbusi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa njia. Bwana Hallam angekwenda Buganguzi Jumamosi ya wiki ijayo kuliona darasa na kuchukua stakabadhi, kabla ya kupanda meli kwenda kwenye kamati. Stakabadhi zote thelathini na sita ziwe zimetiwa sahihi, na fedha mama azichukue. Amepika au hakupika? Basi ni zake. Akitaka azitupe ziwani.

"Hakuna uongo wowote hapo," Mushumbusi alisema. "Ni haki yake. Mwambie tu atie sahihi."

Gamaliel alizifunga tena fedha kwenye kitambaa. Noti moja ikamponyoka ikaanguka chini ya meza. Ilimbidi apige magoti kuitafuta, na wakati yuko huko chini mlango ukafunguliwa na mmoja wa wale wa kwenye benchi akachungulia. Alimwona mzee mwenye koti akitambaa sakafuni na fedha mkononi. Aliomba radhi akafunga mlango.

Darasa lile lilikuwa nini kwa Gamaliel, si rahisi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuambiwa asante na kwaheri siku moja. Alikuwa amefundisha shule ya misheni miaka ishirini na minane. Macho yalipoanza kufifia aliagwa kwa sala, akapewa Biblia mpya yenye herufi ndogo asizoweza kuzisoma, akarudi kwenye kibanja chake kupalilia migomba na kusubiri watu wamsahau. Kisha Bwana Hallam akaja kutafuta katibu. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi wanawake kumi na wanne walikaa kwenye banda la kanisa wakijifunza kusoma na kuandika, na mchana wanaume kumi na saba walijifunza kusoma karatasi za mizani ya kahawa na vitabu vya chama cha ushirika. Watu walianza tena kumwita mwalimu. Mwaka huo kila mtu alizungumzia madaraka na kujitawala, na Gamaliel alikuwa akiwaambia watu kwamba asiyeweza kusoma mizani yake mwenyewe atatawaliwa tu, hata akija nani. Alitaka mwaka wa pili. Hakuwa akitaka kitu kingine chochote.

Alimkuta Alistidia nyuma ya nyumba akimenya ndizi, visu viwili na beseni mbele yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na mgumu kama kisiki akishaamua jambo. Gamaliel aliketi kwenye kigogo akamweleza yote, akiacha tu ile habari ya kutambaa chini ya meza. Alistidia aliendelea kumenya. Aliuliza kama basi lilikuwa limejaa, akauliza kama alikula kitu huko mjini. Halafu akasema hapana.

Gamaliel alimwambia ni karatasi tu. Alimwambia fedha anaweza kuzitoa kanisani, au kumpelekea Josia, mtoto wao aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, au kumpa maskini yeyote atakayepita barabarani.

"Basi andika wewe kwamba tumezitoa kanisani," Alistidia alisema.

"Haiwezekani. Ruzuku ina vifungu. Fedha ya mafuta ya karabai hainunui chaki, fedha ya chakula hainunui benchi. Hii ni ya chakula cha mwalimu, lazima iandikwe chakula cha mwalimu."

"Kwa hiyo fedha ina akili kuliko mwenye nayo."

Gamaliel alikuwa amechoka, miguu ilimwuma, na alitaka mke wake akubali ili aende kulala. Akasema, kwa ukali ambao hakuukusudia, kwamba darasa litafungwa kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja.

Hapo Alistidia aliweka kisu chini.

"Baba Josia, kijana yule amekaa kwangu miezi tisa. Ananiita mama. Maziwa anayokunywa analeta Kokushubila. Mikungu ya ndizi, nusu yake ni ya Ephrasia. Kuni wanaleta wenzangu wote wa darasani kwa zamu, kwa sababu wamesema mwalimu ni mgeni wetu sote. Nikitia sahihi kwamba nililipwa, nimeuza na vya kwao. Nitawaangaliaje?"

"Hawatajua."

"Mimi nitajua. Na jina langu nimelijua kuliandika mwezi wa pili. Sijaliandika popote isipokuwa kwenye daftari. Unataka karatasi ya kwanza iwe hiyo?"

Gamaliel alikumbuka siku ile ya mwezi wa pili. Alistidia alirudi nyumbani na daftari kifuani, hakumwonyesha mtu, akalifungua peke yake pembeni ya dirisha mara tatu kabla ya kuanza kupika. Alitamani angekuwa na mke asiyekumbuka mambo. Akaingia ndani kuvua koti.

Siku nne alimzunguka. Alijaribu upole, akajaribu kununa, akajaribu hata kumtuma mchungaji, ambaye alisikiliza pande zote mbili na kusema atawaombea. Alistidia hakununa wala hakubishana. Alimpa mume wake chakula kwa wakati, akampashia maji ya kuoga, na kila alipoulizwa alisema hapana kwa sauti ile ile. Mtu anayekupigia kelele unaweza kumchosha, lakini mpole hachoshwi.

Siku ya tano, Jumatano, Alistidia alikwenda kuchuma kahawa. Gamaliel alitoa kitabu cha stakabadhi sandukuni, akatoa pedi ya wino aliyotunza tangu shuleni, akaenda chumba cha uani kwa Kokuberwa.

Kokuberwa alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mwenye ulimi mwepesi na magoti mabovu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Gamaliel alimwambia anahitaji kidole chake kwenye karatasi za darasa.

"Alistidia hana kidole?"

"Ana kazi."

Kokuberwa alimtazama mdogo wake muda mrefu. Alikuwa amembeba mgongoni huyu, alikuwa amemfuta kamasi, na alijua sura yake ya uongo tangu hajaota meno. Lakini alikuwa pia amekula nyumbani kwake miaka sita bila kuulizwa anakaa hadi lini. Alinyoosha mkono.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Kwa hiyo sina kosa."

Thelathini na sita ni nyingi. Gamaliel alishika dole gumba la dada yake, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi juu ya jina la Alistidia alilokuwa ameshaliandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu, akafunua, akabonyeza tena. Kufika ya kumi Kokuberwa aliacha utani. Kufika ya ishirini alisema mkono unamwuma, wakapumzika, wakatazama kuku waliokuwa mlangoni. Gamaliel alikuwa amewafundisha watoto mia kadhaa kwamba kuiba jina la mtu ni wizi kama wizi mwingine. Alifikiria jambo hilo, akaendelea.

Walipomaliza, wino ulikataa kutoka kwa maji. Kokuberwa alisugua kwa majivu, ukabaki kwenye mikunjo ya ngozi. Gamaliel akamwomba afunike mkono kwa khanga mpaka Jumapili.

Bwana Hallam alifika Jumamosi asubuhi kwa gari la ofisi lililojaa vumbi, pamoja na Omary, ambaye wiki hiyo hakuja Ijumaa. Omary alikuwa kijana mrefu mtaratibu, mtoto wa Mustapha fundi cherehani wa Bukoba mjini, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara akaoa huku. Wiki za kwanza alikuwa akiona haya kwa sababu wenyeji wake Walutheri hawakujua wafanyeje kuhusu nyama, hadi Alistidia alipomkabidhi kisu na kuku na kumwambia achinje mwenyewe, wao watapika. Tangu siku hiyo walikuwa watu wa nyumba moja.

Bwana Hallam alikuwa mwembamba, amechomwa na jua, na kikohozi kisichoisha. Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini lakini kilitosha. Ilionekana hata yeye amechoka. Alikuwa amekagua madarasa matano wiki hiyo, na kwa namna alivyokaa kwenye benchi ilikuwa wazi kwamba alitaka hili liwe zuri ili apumzike. Na lilikuwa zuri. Wanawake walisoma kwa pamoja, kisha mmoja mmoja wakaenda ubaoni kuandika majina yao. Ephrasia aliandika lake kubwa mno likakosa nafasi, watu wakacheka, na yeye akacheka. Kokushubila aliandika lake taratibu, akimung'unya kila herufi.

Alistidia alikwenda wa mwisho. Aliandika jina lake lote kwa mstari ulionyooka, akaweka chaki chini, akapangusa vidole. Bwana Hallam alipiga makofi. Aliinua kitabu chake cha kumbukumbu akataka kulinakili jina lile kwa ajili ya ripoti, na hapo akasita, maana alikuwa ameliona mahali asubuhi hiyo hiyo. Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha stakabadhi ambacho Gamaliel alikuwa amemkabidhi walipofika, akafunua karatasi ya juu, akafunua ya pili, akafunua ya mwisho.

Gamaliel alikuwa amesimama karibu na mlango. Wakati wote wa wiki ile alikuwa amewaza juu ya fedha, juu ya kamati, juu ya wino wa kidole, lakini hili halikumjia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye taarifa ya mwezi wa tatu, kwa majivuno, kwamba wanawake wote wa darasa sasa wanaandika majina yao.

"Mama," Bwana Hallam alisema, "njoo uangalie. Hiki ni kidole chako?"

Alistidia alisogea. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili na kukisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kila mtu aliweza kumwona akisoma, midomo ikisogea, kama walivyofundishwa. Alisoma jina lake. Alisoma *chakula na malazi ya mwalimu*. Alisoma *shilingi kumi na tano*. Miezi tisa iliyopita angeona alama nyeusi tu na angeweza kusema hajui. Alifunua karatasi tatu au nne, akaona zote ni hivyo hivyo, kisha akainua macho akamtafuta mume wake.

Gamaliel alitaka kusema. Miaka yote baadaye aliiambia nafsi yake kwamba alikuwa amefungua mdomo. Lakini hakuna neno lililotoka, na Alistidia akageuka kumtazama Bwana Hallam.

"Fedha nilipokea," alisema.

Nyuma, mtu alikohoa. Omary, aliyekuwa ameshika rula ya ubaoni, aliishusha.

"Zote? Kila wiki?"

"Zote."

"Na kidole?"

"Kidole ni cha nyumbani kwangu." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile ya upole, "Bwana anataka niandike jina? Nitaandika."

Bwana Hallam hakuwa mjinga. Alimtazama yeye, akamtazama Gamaliel kwa muda ambao Gamaliel aliona ni mrefu kuliko ibada ya Krismasi. Alikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa na barua nyingi ndani yake. Alichana karatasi tupu, akaandika juu yake jumla yote, shilingi mia tano na arobaini, chakula na malazi, majuma thelathini na sita. Akaiweka kwenye meza ya mwalimu. Alistidia aliinama akaandika jina lake pole pole, wanawake kumi na watatu wakimwangalia mgongo.

Kabla ya kuingia garini Bwana Hallam alimvuta Gamaliel kando. Alisema darasa ni zuri na atalitetea. Alisema mwaka ujao, kama ruzuku itatoka, fedha zitashikwa na Omary na si katibu. Hakusema kwa ukali. Gamaliel aliitikia ndiyo Bwana, akamfungulia mlango wa gari, akasimama kwenye vumbi.

Jioni hiyo Omary alikaa mezani kama kawaida. Alistidia alileta ndizi na kuku na maharage, akanawisha mikono ya wanaume. Omary alikula tonge mbili. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri na alikuwa akitafuta namna ya kusema jambo bila kumwumiza mtu.

"Mama, sikujua kuhusu zile fedha," alisema mwisho. "Ningejua, ningekuwa naleta walau sukari."

"Kula, mwalimu," Alistidia alisema. "Kimeshalipiwa."

Alipotoka na beseni, Omary alibaki akitazama sahani. Gamaliel alianza kumweleza kwamba kulikuwa na mambo ya ofisi, mambo ya vifungu, akaona maneno yanazidi kuharibika kadiri anavyoyaongeza, akaacha. Jumapili Omary alipanda basi la mapema. Aliaga vizuri, lakini aliaga kama watu wanavyoaga nyumba ya kupanga.

Usiku wa Jumamosi ile Gamaliel alikuwa ameziweka zile fedha juu ya meza ya chumbani na kumwambia mkewe ni zake. Alimwomba msamaha pia, na haikuwa rahisi kwake, maana alikuwa mtu wa kusamehe wanafunzi na si wa kuomba. Alistidia alisema amesikia. Hakulia. Alizichukua fedha akazitia kwenye kikapu cha kushonea, akauliza kama Kokuberwa amekula.

Barua ilikuja mwezi wa sita kwa mkono wa Mushumbusi mwenyewe. Ruzuku imetolewa tena, na nyongeza ya shilingi sitini, kwa kuwa kamati ilifurahishwa na matumizi mazuri ya fedha. Gamaliel aliisoma barua mara mbili akiisogeza mbali na macho. Alikuwa amepata alichokitaka. Alisubiri furaha ije na ilichelewa, akarudi kupalilia.

Ijumaa iliyofuata, masomo yalipoanza tena, hakuna aliyeleta kuni. Ephrasia alipita njiani na mkungu wa ndizi kichwani akiupeleka kwingine, akasalimia vizuri sana. Maziwa hayakuja. Alistidia alimpikia Omary chai ya rangi, na Omary akasema anaipenda zaidi hivyo.

Jumamosi, darasa lilipokwisha, Kokushubila alikuja. Walikuwa marafiki tangu wasichana, waliolewa mwaka mmoja, walizikiana watoto. Aliketi kwenye mkeka sebuleni, akakataa ndizi, akauliza habari za magoti ya Kokuberwa. Gamaliel alikuwa dirishani akitengeneza utambi wa taa na alitamani kutoka, lakini njia ilikuwa ni kupita mbele yao. Kokushubila alikuwa na aibu. Alikuwa akivuta nyuzi za mkeka. Alisema hajaja kugombana. Alisema hata angejua tangu mwanzo, maziwa angeleta, hilo Mungu anajua. Lakini mume wake ameuliza.

"Ni Ijumaa thelathini na sita, Ma Alistidia," alisema. "Ng'ombe ni wake. Anasema kama ilikuwa biashara, basi na yeye ana lake humo."

Gamaliel aligeuka. Hapa, alijua, ndipo mahali pa kusema. Angeweza kusema kidole kilikuwa cha Kokuberwa na uongo ulikuwa wake, na Kokushubila angeondoka akiwa na rafiki. Kesho yake Muleba nzima ingejua, na keshokutwa Bukoba, na barua ya pili ingekuja. Alishika utambi.

Alistidia hakumgeukia kumwomba msaada. Aliuliza chupa moja ya maziwa ni bei gani sokoni siku hizi. Kokushubila akasema ni sumuni, akiangalia chini. Alistidia akaleta kikapu cha kushonea, akahesabu shilingi kumi na nane, akaziweka kwenye kiganja cha rafiki yake na kukifunga vidole. Wote wawili walikuwa na machozi, na hakuna aliyeyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungekuwa kukiri kwamba yapo.

Kisha alikwenda kuchukua daftari lake la darasa, akalifungua ukurasa mpya, akaketi mezani. Kokushubila alisimama mlangoni, fedha mkononi, hajui kama aende au abaki. Alistidia aliandika akiinamia karatasi, herufi moja baada ya nyingine: *Kokushubila maziwa Ijumaa 36 shilingi 18 nimemlipa*. Hakuwa amewahi kuandika maneno mengi hivyo kwa mpigo. Chini yake aliandika *Ephrasia ndizi*, akaacha nafasi ya bei, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba naye atakuja.

Gamaliel alikuwa amesogea bila kujua, kama alivyozoea kusogea nyuma ya mwanafunzi anapoandika, tayari kumsaidia. Alistidia hakumwuliza herufi hata moja.